Nyumba ya Kupigiwa Hodi

Mwenye nyumba wao hakuwahi kupiga hodi hata siku moja. Alisukuma mlango kwa bega, akafika katikati ya chumba, kisha ndipo akauliza, "Mpo?" kana kwamba haamini macho yake mwenyewe. Siku hiyo alimkuta mke wa Seremala kitandani, shuka pembeni, anachua ile miguu iliyokataa kutembea tangu alipoteleza kwenye ngazi za hospitali alikokuwa akipiga deki. Mwanamke akajifunika upesi. Mwenye nyumba akatazama dari, akakumbusha habari za kodi, akatoka na kuacha mlango wazi.

"Mimi sitaki jumba la kifahari," mke akamwambia mumewe jioni ile. "Nataka nyumba ya kupigiwa hodi. Mtu asimame nje, abishe, nami nikae ndani nifikirie kwanza kama nimkaribishe au nimwache aungue na jua."

Seremala alicheka, lakini neno lilimwingia. Ndipo alipojiunga na wenzake katika chama cha nyumba: wafagizi wa hospitali, wapishi wa shule, walinzi, waashi, watu ambao mji hauwezi kuamka bila wao, ila mji wenyewe hauna pa kuwalaza. Walipata kiwanja nyuma ya tanuri la matofali, wakakubaliana kujengeana kila siku ya mapumziko, nyumba moja mpaka iishe ndipo waanze nyingine. Seremala ndiye aliyependekeza zamu zipigiwe kura ndani ya ndoo, kusiwe na upendeleo. Mkono wake ukaokota ya mwisho. Wenzake walipompa pole, akajibu, "Zamu ni zamu," na tangu hapo likawa jina lake la utani.

Chumba chao kilikuwa orofa ya tatu. Siku za kujenga alimteremsha mkewe mgongoni.

"Polepole, dereva," mke alimnong'oneza sikioni. "Kona hiyo. Kata kushoto, abiria ana mifupa."

Kiwanjani alimkalisha juu ya rundo la mbao, naye akawa msimamizi asiyeajiriwa na mtu. "Mwashi, ukuta huo umepinda kama shingo yako!" Mwashi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama, alimwita shemeji, akapima tena ukuta wake kimyakimya, maana mara nyingi shemeji alikuwa amesema kweli.

Kisha kifua kikaanza kumbana. Akawa hawezi tena kubebwa bila kukohoa njia nzima, na Seremala akaanza kwenda kiwanjani peke yake. Mwashi hakupendezwa na hali ile. Kwenye mkutano alisimama akasema, "Nyumba inayofuata tumpe Seremala. Shemeji amefungiwa huko juu kama kuku. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Hata mlinzi ambaye zamu ilikuwa yake alitikisa kichwa kukubali. Mkono mmoja tu ulinyooka, nao ulikuwa wa Seremala.

"Nani hapa hana mgonjwa?" akasema. "Kesho mtasema nilijipendelea. Zamu ni zamu."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Seremala siku hiyo zilikuwa zimenyolewa. Aliogopa maneno ya watu ambao walikuwa wameshamwambia achukue. Nyumbani hakusema kitu. Ni Mwashi aliyekwenda kumjulia hali shemeji yake, akadhani anajua, akalitaja.

"Ulipewa nyumba ukakataa?" mke akauliza.

"Subira huvuta heri, mke wangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Akageukia ukutani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Basi mlango wangu uwe mpana, kiti cha magurudumu kipite. Na komeo liwe chini, nilifikie nimekaa." Hakumgombeza zaidi ya hapo. Seremala angependelea matusi.

Alikwenda karakanani akautengeneza mlango ule kabla nyumba haijapata hata msingi. Alichagua mbao ngumu kavu, akazipiga randa mpaka zikawa laini mkononi, akauegemeza ukutani. Wateja walipotaka kuununua aliwaambia una mwenyewe.

Mvua zilipoanza, homa ikamchukua mkewe. Alifia katika chumba kilekile, na waombolezaji walipokuwa wamejaa humo, mwenye nyumba akausukuma mlango kwa bega, akauliza, "Mpo?"

Machela haikuweza kukata kona ya ngazi zile. Seremala akainama, akasema wampandishe mgongoni. Alishuka polepole. Kwenye kona alisita, akingoja kuambiwa, kisha akakumbuka, akalia pale pale ngazini huku wenzake wamewashikilia wote wawili.

Zamu yake ilifika, kama zamu zinavyofika. Chama kilimjengea nyumba iliyonyooka kuliko zote. Mwashi aliupima kila ukuta mara mbili, pasipo mtu wa kumsuta. Mlango Seremala aliupachika mwenyewe, mpana, komeo likiwa chini karibu na magoti.

Siku ya kukabidhiwa walikusanyika nje. Mwashi akampa ufunguo. Seremala akainama, akafungua, akausukuma mlango kidogo tu, kisha akarudi nyuma hatua moja na kusimama.

"Hodi," akasema.

Mpishi mmoja akajifunika uso.

"Hodi," akaita tena, kwa sauti ya mtu mwenye adabu. Na mara ya tatu, taratibu, "Hodi mwenye nyumba."

Ndani mlikuwa na harufu ya chokaa mbichi. Mwashi akamgusa bega. "Ingia, ndugu yangu. Ni kwako."

Seremala akauvuta mlango, akaufunga vizuri, akamrudishia ufunguo.

"Mwenyewe hayupo," akasema.