Uzito wa Wimbo wa Mwisho

Usiku wa jana niliota santuri ya marehemu mume wangu imekaa mkekani sebuleni, imejitanda kanga yangu, inapokea pole za watu.

Sikushangaa. Kilichonikera ni kimoja tu: kanga ile ilikuwa ya doti, na kipande cha pili nilikuwa nimekivaa mimi, kwa hiyo tulionekana kama tumeshona sare. Nikaisalimia. Ikasema imekuwa ikiniitikia tangu jana, ila mimi sisikii.

Ngoja nieleze kwanza, maana asiyetujua atapotea. Mume wangu, Kazyoba, alikuwa fundi wa karakana ya reli hapa Tabora. Sahani hiyo ya santuri aliipata zamani kwa mwalimu mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, wakabadilishana kwa debe la asali. Ni albamu ya kwanza ya bendi ya vijana saba wa kusini mwa Marekani, huko kwenye joto na vinamasi, wanaojiita Wana wa Mto Tope. Jaladani wamesimama mbele ya duka bovu la mbegu, nywele hadi mabegani, hata mmoja hakucheka. Mwanzoni nilimwambia Kazyoba kwamba watu wake wanaimbia puani. Akanijibu, "Subiri." Nikasubiri miaka, mpaka nikajikuta naosha vyombo kwa mapigo yao.

Kazyoba aliipenda kwa sababu ilikuwa ya kwanza. Alisema mtu akitengeneza ya pili anajua anatazamwa, lakini ya kwanza anaitengeneza kama mtu aliyeambiwa atapika mara moja tu maishani, anatia kila kiungo kilichomo jikoni. Sisi hatukujaliwa mtoto. Basi sahani ile tukaiita Kifungua Mimba, mwanzoni kwa mzaha, baadaye bila mzaha.

Tulikuwa na sheria zetu. Hakuna kuruka wimbo. Na upande ukiisha, atakayeusikia ukimya kwanza ndiye ainuke kuigeuza. Mara zote alikuwa yeye. Mimi nilikuwa najifanya nimesinzia, na alijua.

Tangu tumzike, wimbo wa mwisho haufiki mwisho. Sindano ikifika katikati inaruka, inarudi nyuma, inaruka tena, mpaka niizime. Fundi wa redio alisema sahani imechoka, nayo ina haki ya kuchoka. Na leo ndiyo siku ya ukoo kukaa kugawa vitu vya marehemu. Shemeji Lugusha, mdogo wake Kazyoba, alishasema gramafoni anaitaka yeye, kwa kuwa sanduku lake likiwaka linapata joto na linafaa kuangulia vifaranga. Vifaranga, jamani. Sina mtoto wa kusimama aseme kitu hiki ni cha baba. Nilichotamani ni kuusikia wimbo ule ukifika mwisho mara moja tu kabla hawajaja. Jana jioni nilijaribu mpaka nikalia kwa hasira, nikaenda kulala. Ndipo nikaikuta santuri mkekani.

"Ingia," ikaniambia. "Lakini hakuna kuruka wimbo."

Nikauliza mlango uko wapi, nikilitazama lile tundu la katikati. Ikasema hilo ni la kutokea. Kuingia ni pembeni, kama ugali wa moto.

Nikaingia pembeni. Kumbe ule mstari mwembamba unaopita sindano ni njia, nyeusi, inang'aa, kingo zake zinanifika kiunoni. Natembea peku kwa kuwa nimefiwa. Joto linanipiga usoni, na miti ya huko ina ndevu. Wale vijana saba wameketi kwenye mkeka, wamejipanga vilevile kama jaladani. Nawaambia wasogee kidogo nipate nafasi. Wananieleza kwa adabu kwamba atakayesogea atakatwa kwenye picha.

Mwimbaji, yule mwenye kofia, aliniuliza kama mimi ndiye mfiwa. Nikasema ndiye. "Basi anza," akasema. "Kilio huanza mfiwa." Nikamwambia machozi yangu ya jana yalikwisha na ya leo hayajafika. Akasema hawana haraka, na kweli hawakuwa nayo. Ndivyo walivyo kwenye sahani nzima. Wanaanza wimbo kama watu wanaotafuta pa kuketi, na wewe unadhani wamepotea, kumbe wanakungoja wewe.

Magitaa matatu yalikuwa yamekaa pembeni na miguu yameinyoosha, kama mashangazi msibani. La kwanza lilisema marehemu alikuwa mtu mwema. La pili likasema neno lilelile kwa sauti ya juu zaidi. La tatu likanuna, likasema ndivyo lilivyosema lenyewe tangu mwanzo na hakuna aliyelisikiliza. Yakabishana hivyo muda mrefu. Halafu, sijui yalikubaliana saa ngapi, yote matatu yakalisema kwa pamoja, na hapo neno lile likaniingia mpaka kwenye mifupa. Kazyoba alikuwa akifika hapo anafumba macho. Mimi nilikuwa namtazama yeye.

Nikapiga hatua, nikajikuta karakana. Hakuna aliyeniambia tunahama. Mabehewa yamepangwa, na mpiga ngoma anapita akigonga magurudumu kwa nyundo ndogo, anatega sikio, anagonga linalofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kazyoba. Gurudumu zima linalia kama kengele, lenye ufa linalia kama sufuria. Mpiga ngoma akafika kwangu, akanigonga begani taratibu, akasikiliza.

"Huyu ana ufa," akasema, akanichora alama ya chaki, akapita.

Sikubishana naye. Ni kweli ninao.

Mbele kidogo kinanda kilikuwa kimelala kifudifudi, kimeziba njia yote. Nikakiomba kinipishe. Kikasema hakiondoki, chenyewe ni mtani wa marehemu, na haijawahi kutokea mtani akaacha mfiwa apite bure. Kikaanza kumwigiza Kazyoba anavyokohoa, anavyotafuta miwani aliyoivaa, anavyoniita kutoka chooni kuniuliza wimbo wa ngapi. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukingo. Nikakilambisha asali niliyoikuta kwenye kidole changu, iwe ada yake ya utani, kikajiviringisha upande. Kikaniambia kwa upole sana, "Pita, shemeji. Yuko mbele, na amechoka."

Wimbo wa mwisho ni reli. Kazyoba aliupenda kwa sababu hiyo, alisema huyo mpiga ngoma lazima amezaliwa karibu na stesheni. Unaanza polepole, treni inavyojikokota kutoka, kisha unakaza, unakaza, na magitaa yote matatu yanafuata yakikimbia. Nikatembea juu ya mataruma yaliyobeba reli. Mahali pamoja reli ilikuwa imekatika, pengo la upana wa mkono. Juu ya pengo ulining'inia mkono wa sindano, mkubwa kama bomba la kujazia maji injini za zamani. Na kwenye ncha yake, amevaa ovaroli, alikuwa ameketi mume wangu.

"Kalunde," akasema. "Umekawia. Makalio yananiuma."

Nikamuuliza anafanya nini kule juu. Kabla hajajibu, treni ikaja, mkono ukashuka kwenye reli, ukafika kwenye pengo, ukaruka. Kazyoba akaanguka. Akaanguka hivihivi, bila kelele, kama mtu aliyezoea. Akainuka, akajikung'uta, akapanda tena, na treni ikarudi nyuma kuanza upya maneno yaleyale.

Ninaona inatokea mara ya pili. Ninaona mara ya tatu.

Akanieleza huku akipanda. Miaka yote, juu ya mkono wa sindano aliweka nati ndogo ya shaba aliyotoka nayo karakana, ili sindano iwe nzito, isiruke penye mchubuko. Hakuwahi kuniambia kwa kuwa sikuwahi kuuliza, na sikuuliza kwa kuwa wimbo haukuwahi kuruka. Sasa nati haipo. Akaona akae mwenyewe.

"Mbona basi unaanguka?" nikamuuliza.

"Sina uzito, mwenzangu. Wote niliuacha kwenu."

Nikamwambia ashuke twende nyumbani, aachane na wimbo. Akasema hawezi. Aliyekufa na wimbo kichwani haendi popote mpaka uishe, na yeye kila ukifika hapo anaangushwa. Akatamka hivyo kama anavyoeleza ratiba ya treni. Nikakumbuka nilivyoicheza sahani ile jana, nikiirudisha na kuirudisha, na kila ilivyoruka ni yeye aliyekuwa anaanguka.

Akaniambia nati ilipo. Wifi yangu Nyamizi, dada yake, alipofagia sebule kwa ajili ya wageni wa msiba, aliikuta juu ya gramafoni akadhani ni takataka. Kabati la vikombe lilikuwa linayumba, akaisukumiza chini ya mguu wa nyuma, wa upande wa ukutani. Nikasema nikiamka huyo wifi atanitambua.

"Usimgombeze," akasema. "Kabati lilikuwa linayumba kweli."

Nikamuuliza kitu ambacho ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu nimwone. "Nikiirudisha, wimbo ukafika mwisho, wewe unakwenda wapi?"

"Mwisho wa wimbo kuna ukimya," akasema.

"Na mimi?"

"Wewe ndiye utakayeusikia."

Nilikasirika. Nilimwambia sirudishi nati. Afadhali aanguke kila siku na mimi nimwone, kuliko afike nisimwone tena. Nililisema hivyohivyo, bila haya, na yeye hakunikemea. Alinitazama tu, akaanguka tena, na safari hii nikakimbia nikamdaka.

Jamani. Yule mwanamume aliyekuwa akikaa kitandani upande wangu unainuka, nilimshika mikononi akawa mwepesi kama kanga iliyokauka kwenye kamba. Upepo kidogo tu ungenipokonya. Hapo ndipo machozi ya leo yalipofika.

Nililia kwa sauti. Na nyuma yangu, kule kwenye miti yenye ndevu, wale saba wakainuka mkekani kwa mara ya kwanza, wakaharibu picha yao, wakalia pamoja nami, magitaa yote matatu, na kinanda, na yule wa nyundo akishika mapigo. Sijapata kusikia kitu kizuri namna ile. Nikamweka Kazyoba juu ya mkono wa sindano, nikamnyoosha kola ya ovaroli. Nikamwambia ajishikilie mara moja hii, nakwenda kumtafutia wa kumpokea zamu pale juu.

Nikatokea kwa tundu la katikati.

Nilipofumbua macho majogoo walikuwa wanawika. Nyamizi alikuwa amelala sebuleni na shuka usoni. Nikapiga magoti kwenye kabati, nikaliinua kwa bega. Vikombe vikagongana, wifi akaamka akaja kushika upande wa pili bila kuuliza, maana nyumba ya msiba watu wanainua kwanza, wanauliza baadaye. Nikapitisha vidole chini ya mguu wa nyuma, wa upande wa ukutani. Nikaipata.

Sakafu yetu ni ya saruji, na asubuhi za Tabora za mwezi wa saba zinauma. Nati ilikuwa ya moto, kama kigoda ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi.

Nyamizi akaniuliza nimejuaje kuwa iko pale. Nikamwambia nimeambiwa na mwenyewe. Akaketi chini. Nikaiweka nati juu ya mkono wa sindano na kuanza wimbo wa kwanza wa upande ule, kwa sababu hakuna kuruka.

Shemeji Lugusha alifika tukiwa kwenye wimbo wa mwisho. Alitaka kusalimia kwa sauti, akatuona, akavua kofia yake mlangoni, akakaa. Treni ikajikokota, ikakaza. Kabati likawa linayumba na vikombe vinagongana. Pale penye mchubuko nilifumba macho. Sindano ikapita.

Ikapita, magitaa yakakimbia mpaka yakaishiwa njia, yakanyamaza moja moja, na la mwisho likawa lile lililonuna. Nyamizi alikuwa bado anatikisa kichwa. Lugusha alikuwa bado anangoja. Mimi nikausikia ukimya kwanza, nikainuka, nikaigeuza.