Nyanya za Solange na Majivu ya Tanuru

Misimu miwili mfululizo nyanya za Solange zilinyauka zikiwa na maua. Shamba aliachiwa na marehemu mumewe, kilimani nje ya Butembo, lakini mkubwa wa ukoo ni shemeji yake Syauswa, na Syauswa alitaka kupanda mikaratusi. Alimpa msimu mmoja wa mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchoma matofali, na mchoma matofali akitazama ardhi huona kuni tu.

Delphine, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, kutoka Beni, alipasua shina moja kwa kisu akamwonyesha wekundu wa kahawia uliopanda toka mizizini. Ni kuvu, akasema, inaishi ardhini na inastawi penye asidi nyingi. Akauliza mimea iliyokufa inapelekwa wapi. Solange, aliyelelewa kutotupa kitu, alijibu kwa fahari kwamba huizika palepale iwe mbolea. Masikini, alikuwa anamlisha mwizi wake! Delphine akamshauri aichome mbali, kisha achanganye udongo na chokaa au majivu ya kuni kabla ya kupanda. Asidi ikipungua kuvu haitoweki yote, ila inakosa nguvu.

Chokaa haikupatikana. Majivu yalijaa kwenye tanuru la Syauswa, naye aliyatoa bila kinyongo, akamletea kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, akimtania kwamba mwaka huu atavuna sabuni ya majivu badala ya nyanya.

Nyanya zilipoanza kuiva, Syauswa alikuja na kikapu cha miche ya mikaratusi. Solange akampa kisu, akamweleza kwamba shina lenye ugonjwa huwa kahawia ndani. Akapasua shina: jeupe. Akapasua la pili, la tatu, yote safi. Solange angeweza kunyamaza hapo. Nyuma ya migomba kulikuwa na mistari ya nyanya iliyonyauka ambayo shemeji yake hakuiona. Alimpeleka mwenyewe.

“Shemeki, kata na hii.”

Ndani mlikuwa na kahawia tupu. Syauswa akainua macho.

“Huku majivu haikufika,” Solange akasema. “Ilinimalizikia.”

Syauswa alitazama mistari ile, akageuka kutazama shamba lililobaki. Solange akaanza kuwaza atawalisha nini Nadège, binti yake, na wadogo zake.

“Mama Nadège,” akasema mwishowe, “kesho nitakutumia chukudu ingine ya majivu. Huku nako kupone.”

Akajitwika kikapu chake na miche yote, akapanda kilima. Solange aliketi kwenye tuta akalia kwa furaha.