Ubaridi wa Papa Cyprien

Saa moja na nusu asubuhi Adeline, muuguzi wa kituo cha afya cha Simi-Simi, alifungua chumba cha chanjo, akasoma kipimajoto cha sanduku la chanjo lililokuwa mapajani mwa Papa Cyprien, akaandika kwenye karatasi: nyuzi nne. Jioni angeandika tena nyuzi nne. Papa Cyprien alikuwa amezikwa mwezi wa tatu, na marehemu hana homa.

Alirudi kwa hasira. Akiwa hai alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na ndiye aliyewashawishi wenzake waiachie kampuni mashamba yao ya muhogo ijenge jumba la kompyuta, lile la kutunzia data za mabenki na simu. Jumba likajengwa, likaezekwa sola tupu, likawekewa mitambo ya baridi inayovuma kutwa kucha, kompyuta zisije zikatoka jasho. Mtaa ulikuwa umeahidiwa kitu kimoja tu: waya wa umeme wa mita mia mbili, kutoka ukuta wa kampuni hadi friji ya chanjo. Mita mia mbili, jamani! Mbuzi wa jirani huzitembea mara kumi kwa siku. Papa Cyprien aliungoja waya miaka mitatu, akafa kwa presha. Arobaini yake haijafika, akaingia kituoni mchana kweupe na suti aliyozikiwa, akauliza kama waya umefika.

"Bado, papa."

"Bon. Leta ile sanduku ya chanjo."

Akaketi nalo mapajani, ubaridi wa mwili wake ukaipoza chanjo, na tangu siku hiyo hajainuka. Mkewe, Mama Kaswera, huja kila adhuhuri kumgombeza.

"Bantu bengine bakikufa banapumuzika. Weye, hata kufa, unatumikia comité!"

Jumatatu moja ya mwezi wa nane ikaja barua. Injinia Léopold wa kampuni angefika kesho yake kukagua kama haja ya waya bado ipo. Kama bado ipo! Papa Cyprien akaisoma mara mbili, akasonya.

"Adeline, acha leo niende kwa Kaswera. Injinia akute chanjo iko moto. Ataona na macho yake."

Lilikuwa shauri la busara, na lilimuuma Adeline kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Jumanne ni siku ya chanjo, surua ilikuwa imeshaingia mtaa wa pili, na chanjo iliyoshinda kwenye joto ni ya kutupa.

"Batoto makumi sita banakuya kesho, papa. Baki."

Akabaki.

Injinia alifika saa tatu na fomu yake. Alimsalimu Papa Cyprien kwa mikono miwili, akampa pole ya msiba wake, akasoma kipimajoto. Kisha akapekua karatasi za Adeline: miezi mitano, mara mbili kwa siku, nyuzi nne, hakuna hata siku moja iliyorukwa. Alipendezwa sana.

"Donc, besoin iko couvert," akasema, yaani haja imeshatoshelezwa, akakata kwa mstari mahali palipoandikwa waya. "Hakuna mafuta, hakuna moshi. Hii ndiyo durable, ya kudumu."

"Injinia, huyu mutu alikufa! Anataka kupumuzika! Waya yetu iko wapi?"

"Mama, fomu inauliza tu kama chanjo iko baridi. Iko baridi?"

Adeline alitamani kudanganya. Dirisha lilikuwa wazi, na akina mama waliojipanga nje na watoto mgongoni walikuwa wanasikia kila neno. Wakisikia chanjo ni mbovu wangeondoka, na nani angewarudisha?

"Iko baridi," akasema.

Injinia akapiga picha ya ripoti. Alimwomba Papa Cyprien atabasamu, naye akakataa, akauliza mkataba wa kampuni ni wa miaka mingapi.

"Makumi tatu, papa. Na banaweza kuongeza."

Mama Kaswera, aliyewahi kuja siku hiyo kumwona injinia na kusimama mlangoni, hakugombeza. Alikwenda nyumbani, akarudi na mto wa kitanda chao, akamwinua mumewe kidogo na kumwekea mto chini.

"Anza, Adeline," alisema Papa Cyprien. "Batoto banangoja. Na funga mulango, joto inaingia."

Adeline akafunga mlango, akamwita mtoto wa kwanza.