Aliyeketi Haokolewi

Raba nyeusi ilikuwa imevutwa toka shingo ya msichana mmoja hadi shingo ya mwenzake, katikati ya ua wa ploti moja kule Gitothua, na mimi Mutheu, mke wa mtu, mwenye wajukuu wawili, nilikuwa napandisha sketi.

Nilikuwa nimetoka Murera na mfuko wa maparachichi kumwona Tabby, rafiki yangu tangu utoto wetu Thika. Aliteleza akavunjika nyonga. Daktari alikwisha kusema mfupa umeunga, sasa atembee. Tabby akasema kiti chake kinamtosha. Kila Jumamosi nilimbembeleza, nikamsomea Zaburi, nikamgombeza. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Kilichonitia hofu hakikuwa nyonga. Alikuwa ameanza kusema kama mtu anayeaga.

"Mutheu, chukua hizo sufuria zangu kubwa," aliniambia. "Mimi nitazipeleka wapi?"

Nje watoto walikuwa wakicheza blada, mchezo wa kuruka raba, na kelele zao zikaingia mlangoni. Tabby akanyoosha shingo.

"Hao hawajui kuruka. Ona vile huyo anakunja goti!"

Ni sentensi ya kwanza aliyoitoa kwa majuma mengi isiyohusu dawa wala kifo. Nikaidaka upesi.

Huyu Tabby alikuwa malkia wa blada. Tuliomba tyubu kuukuu kwa fundi wa baiskeli, tukazikata vipande, tukaviunga, tukapachika sketi ndani ya chupi na kuruka mpaka mama zetu watufuate na fimbo. Raba ilipandishwa hatua kwa hatua: vifundoni, magotini, kiunoni, kwapani, shingoni. Mwenzako akishindwa, ulimrukia zamu yake, naye akabaki mchezoni; huko tulikuita kuokoa. Mimi nilishindwa shingoni siku zote, na siku zote Tabby aliniokoa. Utoto wangu mzima sikuwahi kumwokoa mtu.

"Leo nikuokoe?" nikamwuliza.

"Wewe? Shingoni? Wacha mchezo."

"Basi njoo unicheke. Lakini sheria unaijua. Aliyeketi haokolewi. Lazima usimame kando ya raba."

Alinitazama kwa hasira, hasira ya Tabby ninayemjua. Kisha mkono wake ukapapasa ukutani, ukautafuta mkongojo.

Toka kitini hadi mlangoni ni hatua sita. Alizipiga kwa muda ambao ningechemsha chai. Jasho lilimtoka, akanung'unika kwa Kikuyu maneno nisiyoweza kuyaandika. Nilifunga mikono ndani ya leso nisije nikamshika. Alipofika kando ya raba, akasimama.

"Haya," akasema, akihema. "Niokoe."

"Shosho, utaanguka!" akanionya Dianah, mmoja wa wale wawili wenye raba shingoni.

"Shosho ako kwenu," nikamjibu. Leo sikuwa nyanya ya mtu.

Nikapachika sketi. Nilimshukuru Mungu kwamba shingo za watoto wa gredi ya nne ziko chini. Nikatimua mbio, nikaurusha mguu, kisigino kikainasa raba, nikaivuta chini, nikavuka. Kitu mgongoni kililia ko! Lakini nilitua kwa miguu miwili.

Ua mzima ukapiga kelele. Hata siku ya harusi yangu sikushangiliwa hivyo. Shingoni! Mimi! Nilicheka mpaka nikalia, wala sikuona haya.

Nilipogeuka, Tabby naye alikuwa akicheka kwa sauti, machozi mashavuni, akiuegemea mkongojo kwa mikono miwili.

"Dianah, kimbia umletee kiti," nikasema.

"Kiti cha nani?" akauliza Tabby.

Akanikabidhi mkongojo. Kwa mkono mmoja alinishika bega, kwa mwingine akalikusanya pindo la gauni lake na kulipachika kiunoni, barabara, kama zamani.

"Shusheni hiyo raba," akawaambia wasichana. "Mpaka vifundoni. Umeniokoa, sasa ni zamu yangu."