Likizo ya Sajini

Sajini alizikwa Jumatatu saa kumi alasiri, kwa heshima zote za kijeshi, na Jumanne asubuhi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akipiga buti rangi. Mkewe alifungua mlango kumwaga maji ya vyombo, akamwona, akayamwaga upande wa pili.

"Umeshakunywa chai?" akamuuliza.

"Bado."

Sababu ilikuwa ya kiofisi. Daftari la mahudhurio kule kambini lina safu tatu tu kwa asiyekuwepo: mgonjwa, mtoro, likizo. Karani alikuna kichwa asubuhi nzima. Mgonjwa hakuwa tena, na kumwandika mtoro mtu aliyetumikia miaka thelathini na moja bila kuchelewa hata gwaride moja, hiyo ingekuwa laana. Akaandika likizo, siku kumi na nne kuanzia Jumatatu hiyo, akagonga muhuri. Na Sajini hakuwahi kubishana na muhuri maisha yake yote.

Nyumba ilifurahi, tusidanganyane. Likizo ndefu namna hiyo hakuwahi kupewa. Kifungua mimba alizaliwa yeye akiwa mpakani. Wa pili alimchagulia jina kwa barua, barua ikafika mtoto anatembea na ana jina lingine, ndiyo maana mpaka leo anaitika yote mawili. Kwenye harusi za wakubwa hao, kiti cha baba kilikaliwa na kofia yake ya akiba. Kwenye picha imetoka vizuri kuliko mabwana harusi.

Sasa alikuwepo, na kero zake zilikuwepo. Saa kumi na moja alfajiri alikagua vitanda. Sufuria alizipanga kwa kimo. Majirani waliochelewa kuja kuhani walimkuta anachimba shimo la taka.

"Poleni na msiba," wakasema.

"Tumeshapoa," akajibu mkewe. "Mwenyewe yuko huko nyuma, msalimieni."

Wakamsalimia. Mmoja akamwazima koleo.

Kitindamimba alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ya pili, siku ya kumi na tatu ya likizo. Huyu angalau angeshikwa mkono na baba yake. Sajini alimfanyisha mazoezi sebuleni: mguu wa kushoto kwanza, kidevu juu.

"Baba, hii ni harusi, siyo gwaride!" binti akalalamika, huku machozi ya furaha yanamtoka. Mama yake alilipiga pasi shati la mumewe mara tatu, na wala halikuwa limekunjamana.

Ijumaa mchana akaja koplo na bahasha yenye muhuri. Likizo imefutwa. Kesho anakuja mgeni mkubwa kukagua gwaride, na mstari wa mbele umepungukiwa mtu mmoja.

"Lakini huyu amekufa!" mama akafoka.

"Najua, mama. Jeneza nililibeba mimi, bega linaniuma mpaka leo. Lakini kwenye daftari yuko likizo."

"Basi rekebisheni daftari!"

Koplo akatazama chini. "Karani anasema akiandika amekufa, likizo haipo. Na kama likizo haipo, hapa nyumbani anafanya nini?"

Mama akamgeukia mumewe. Miaka yote alikuwa amelimeza neno hilo, leo likatoka. "Baba watoto, kataa. Mara hii moja tu. Watakufanya nini? Watakuua?"

Sajini alilifikiria jambo hilo kwa dhati, kila mtu alimwona akilifikiria. Kisha akautazama muhuri. Akainama, akafunga kamba za buti.

"Nitawahi," akamwambia binti yake. "Gwaride likiisha tu, nakuja mbio."

Ndivyo alivyowaambia na wale wawili.

Jumamosi, mpiga picha hakuambiwa kitu, ndiye aliyewapiga picha wakubwa. Aliitungua kofia ya akiba msumarini, akaiweka kwenye kiti, akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Msogeleeni baba," akasema. Wakamsogelea.

Barua ilifika wiki iliyofuata. Kambi ilimshukuru Sajini kwa moyo wake wa kujitolea, na kumfahamisha kwamba siku zake mbili za likizo zilizobaki zimehamishiwa mwaka ujao. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaitia kwenye kopo la bati pamoja na zile nyingine.

"Waongo wakubwa," akasema. Kisha akaziosha ndala za mumewe, akazianika kwenye ngazi ya nyuma, ncha zikielekea ndani.