Tiketi ya Kansas City

Kwa Eliseo Barraza, kulipa nauli kamili ya ndege kulikuwa sawa na kumshikia mwizi mlango. Alikuwa ameuza matairi El Paso tangu ujana wake, na tangu astaafu hakuwa na kazi nyingine ila kuwinda tiketi za bei poa. Jumapili, misa ikiisha, majirani walimfuata uani na simu zao, naye akawatafutia njia huku akila tamale zao za unga wa mahindi bila haya.

Somo lake lilikuwa moja. Bei ya tiketi, aliwaambia, haifuati umbali. Mji ambao shirika moja la ndege limeufanya makao yake, kama Dallas, ndege ya kuruka moja kwa moja hadi pale ni ghali, kwa sababu mwenye haraka hana pa kukimbilia. Lakini Kansas City, iliyo mbali zaidi, inagombaniwa na mashirika manne, hili likikupitisha Denver, lile Phoenix, lile Dallas, na kila moja linapunguza bei limnyang'anye mwenzake abiria. Kwa hiyo tiketi ya El Paso hadi Kansas City kwa kupitia Dallas ilikuwa karibu nusu ya ile ya kuishia Dallas. Ndege ileile, kiti kilekile. Mwenye akili hununua ya Kansas City, hushuka Dallas kubadilisha ndege, halafu hutoka zake nje ya uwanja akapanda teksi. Sharti asikabidhi begi lolote, maana begi litafika Kansas City peke yake. Na asinunue ya kwenda na kurudi, maana ukiruka kipande kimoja cha safari, vilivyobaki hufutwa.

Hivyo ndivyo alivyonunua Eliseo wiki ile, pale dada yake mkubwa, Ofelia, alipopiga simu kutoka Dallas kusema kwamba Ijumaa alfajiri atapasuliwa moyo. Madaktari walimwambia asiwe na wasiwasi mno, naye akaelewa kuwa wao wenyewe walikuwa nao. Alitaka amwone mdogo wake kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Hakuomba lingine.

Tusimwonee Eliseo kwa kudhani hakumpenda dada yake. Alimpenda sana. Ila ugonjwa wa kuokoa pesa ukishamwingia mtu, hauchagui siku, na mimi namhurumia, ingawa wakati mwingine natamani kumzaba kofi.

Alifika uwanjani Alhamisi mchana, begi dogo begani, mashati matatu mwilini kupunguza mzigo, jasho likimtoka. Kabla hajakaa vizuri, simu ikalia. Shirika lilimtaarifu kwa furaha kwamba njia yake imebadilishwa. Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga Dallas, kwa hiyo angepitia Denver.

Alikimbilia meza ya shirika, na kumkuta mhudumu mwenye kibandiko cha jina kifuani, Marisela, mama wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Mzee wangu, una bahati," Marisela alimwambia. "Ndege ya Dallas itaondoka jioni, na ile ya kuunganisha ungeikosa. Nimekupitisha Denver. Utafika Kansas City mapema kuliko ulivyopangiwa."

"Mimi napendelea kupita Dallas tu, mama."

"Ukalale kwenye viti vya uwanja?"

"Napapenda pale."

"Uwanja wa Dallas?" Marisela alimtazama. "Hata sisi tunaolipwa kukaa pale hatupapendi."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakacheka. Eliseo alisema angeingoja hiyo ya jioni, hata ichelewe vipi. Marisela akabofya, akatikisa kichwa. Kiti chake ameshapewa abiria anayeishia Dallas. Wanaounganisha wote wameelekezwa kwingine, na katika ndege ya jioni kimebaki kiti kimoja, kwa bei kamili ya siku hiyohiyo. Kisha akashusha sauti na kumuuliza kama kuna mtu anayemngoja Kansas City.

"Hakuna hata paka," alisema Eliseo, na akamweleza yote, ujanja pamoja na hospitali.

Marisela hakumgombeza. Alionekana kumsikitikia, na hilo lilimuuma zaidi. "Tiketi yako imeandikwa Kansas City, mzee," alisema. "Tulichokuahidi ni kukufikisha Kansas City. Njia hatukukuahidi."

Bei ya kile kiti kimoja ilikuwa mara nne ya aliyolipa. Eliseo alijitenga kando akampigia Ofelia. Moyoni, na hili ni la aibu, alitumaini dada yake angesema basi, njoo keshokutwa, mambo yakitulia.

"Ofelia, huko kuna mvua ya mawe..."

"Naiona dirishani. Umenunua tiketi ya wapi?"

"Kansas City."

Ofelia alicheka hadi akakohoa.

"Siku tuliyomzika mama," alisema, "ulipokuja kwa kuzungukia Phoenix na Houston, ukafika kaburi limeshafukiwa. Uliokoa dola ngapi?"

Eliseo alifungua mdomo. Yeye ambaye angeweza kukutajia bei ya tiketi aliyomnunulia jirani miaka kumi iliyopita, hata na saa aliyoinunua, alitafuta kichwani asikute kitu. Alijaribu tena. Hakukuwa na chochote.

"Sikumbuki," alisema.

"Mimi nakumbuka padri akiniuliza kama tuendelee kukungoja au tuanze. Aliniuliza mara mbili. Mara ya pili nikamwambia aanze." Pumzi yake ilikuwa fupi. "Usinieleze habari za njia, mdogo wangu. Nimechoka."

Simu ikakatika. Eliseo alirudi mezani akiwapita watu kwenye foleni huku akiwaomba radhi, akamnyooshea Marisela kadi yake ya benki. Marisela alianza kumsomea nauli, kama kazi yake inavyomtaka.

"Usinitajie," alisema Eliseo. "Kata tu."

Ndege iliondoka jioni kwa kuchelewa, ikazunguka mawingu, ikatua. Alipoingia wodini, kabla ya alfajiri, muuguzi alikuwa akimfunga Ofelia mkanda wa jina mkononi. Eliseo alisimama mlangoni asijue pa kuweka mikono yake. Ofelia aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama, kisha akatazama saa ya ukutani.

"Umewahi," alisema.

Eliseo akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, akalia.