Bei Iko Ukurasani

Mimi na Yeshimebet tunasafisha ofisi hapa Kazanchis. Tovuti yetu ya kwanza alitutengenezea binamu yake. Ilikuwa na tai anayeruka na maneno "masuluhisho jumuishi ya mazingira ya kazi." Kwa miezi minne tulipata simu moja tu, ya mtu aliyedhani tunauza miche.

Yeshi akaifuta yote, akaandika ukurasa mmoja: "Tunafagia, tunadeki, tunafuta vumbi ofisini. Chumba kimoja birr mia nane. Chenye zulia, ongeza mia tatu. Madirisha ya nje hatugusi, Feleke anaogopa."

Feleke ndiye mimi.

"Hilo la uoga lilikuwa na ulazima gani?"

"Mteja ajue anachonunua."

Simu zikaanza kulia. Aliyeumia ni Ato Gudeta, yaani Bwana Gudeta, mwenye kampuni kubwa ya usafi kule Bole. Yeye bei alikuwa haitaji mpaka achungulie mteja kaja na gari gani. Sasa wateja wakawa wanamwonyesha ukurasa wetu.

Jumanne moja akatupigia, sauti kaibana puani. Yeshi alimfanyia kazi miaka mitatu, akamtambua papo hapo. Akaweka spika nisikie.

"Sisi ni shirika kubwa la nje. Tuna vyumba vitatu, vyote vina zulia. Sisi mtatutoza ngapi?"

Alitaka apandishiwe bei, kisha akatangaze mji mzima kwamba ukurasa wetu ni wa uongo.

"Elfu tatu na mia tatu, bosi."

"Dada, nimesema shirika kubwa! Pesa tunazo."

"Hongereni. Elfu tatu na mia tatu. Tunakuja kesho saa tatu asubuhi."

"Mnakuja wapi? Sijakwambia tulipo!"

"Napajua," akasema Yeshi, akakata.

Kesho yake tukaingia ofisini kwa Gudeta na ndoo zetu. Wateja watatu walikuwa wamekaa wakimsubiri.

"Ato Gudeta, tumekuja kwa ile kazi uliyotupigia simu jana. Mafua yamepona?"

Akawatupia jicho wateja wake. Akitufukuza, itabidi aeleze ile simu.

"Kumbe hata wewe unasafishiwa na hawa?" mama mmoja akamuuliza.

"Ingieni," Gudeta akatuambia, kwa sauti ndogo kweli.

Tulipoanza, zulia lilikuwa la kijivu. Tulipomaliza lilikuwa la kijani. Alilipa bila kubisha, na yule mama akatufuata mpaka kwenye ngazi kuomba namba yetu.

Mwezi uliofuata Gudeta naye akaweka bei kwenye tovuti yake, birr hamsini chini ya zetu. Mimi nilinuna. Yeshi aliisoma mara mbili huku akinywa kahawa.

"Kajitahidi," akasema. "Ila 'kudeki' kaandika 'kudeka.' Usimwambie."